Nyumba Ina Joto Leo

Barabara ya Misonobari, nje ya Hancock, Michigan
9 Januari 1961

Helmi, mdogo wangu,

Mimi mzima. Nimeliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu nakujua: utaruka mistari yote kulitafuta, na usipolikuta utaanza kulia kabla hujavua miwani.

Theluji imefika usawa wa madirisha ya chini. Mlango wa nyuma naufungua kwa bega. Godoro nimelihamishia jikoni, maana ngazi zinanichosha, na sioni sababu ya kupasha joto vyumba vya juu ambako hakuna anayelala zaidi ya nzi waliokufa tangu vuli. Nililisukuma kutoka juu likateremka lenyewe mpaka mlangoni. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini.

Jiko la kuni siliwashi sana siku hizi. Moshi unanikera macho. Ninayo ile hita ya umeme ya marehemu mume wangu Eino, ndogo kama redio, nikiiweka miguuni inatosha. Tena ndani ya nyumba navaa koti lake la msituni, lile zito. Nimekuwa dubu, nakosa kunguruma tu.

Reino alipita Jumapili akikokota kwenye theluji sleji yake imejaa kuni. Nikamwambia ninazo. Akasema, "Unazo ndiyo, nimeziona bandani zimepangwa mpaka juu. Mbona huzichomi?" Mzee yule tangu mgodi wa shaba ufungwe hana kazi ila kukagua moshi wa majirani. Nikamwambia aende akakague wake. Nikafunga mlango.

Arvid alikuja Krismasi kutoka Detroit, akaniletea picha za nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba nzuri, ya matofali, maua mbele. Lakini watu wote kwenye zile picha wamekaa, Helmi. Hakuna hata mmoja aliyesimama. Nikamwambia, "Mwanangu, nitakaa nikichoka." Alizirudisha mfukoni, ila macho yake niliyaona. Anasubiri nikosee mara moja tu.

Usije. Barabara ni mbaya na nyonga yako ni mbaya zaidi.

Dada yako,
Aili


Duluth, Minnesota
14 Januari 1961

Dada Aili,

Ndiyo, nililitafuta hilo neno, na nikalikuta, na bado sikulala vizuri.

Nieleze kitu kimoja. Umehamia jikoni ili uwe karibu na jiko. Halafu jiko huliwashi. Sasa umehamia jikoni kufanya nini? Na moshi umeanza lini kukukera macho wewe, uliyekuwa unakaa kwenye chumba cha mvuke mpaka wanaume wanatoka mbio wewe umebaki benchi la juu kabisa unaimba?

Sitaki kukutisha, lakini nikinyamaza nitajilaumu. Jirani yangu wa mlango wa pili, Bi Nygaard, walimkuta wiki iliyopita amekaa kwenye kiti chake, kimya, baridi kama sahani. Hakuwa nje. Hakuanguka kwenye barafu. Alikuwa sebuleni kwake, shali mabegani, dirisha limeachwa wazi kidogo kwa ajili ya paka. Walimwahisha hospitali, na mpaka leo hajaweza kusema jina lake. Karin, yule nesi wa ghorofa ya chini, ameniambia mtu akifika umri wetu mwili unapoteza joto polepole, na mwenyewe hajui. Anasema wakati kijana mwenye afya angeshakimbilia blanketi, sisi tunasema, "Niko sawa tu."

Njoo kwangu mpaka theluji iyeyuke. Mabomba ya mvuke humu yanapiga kelele kama mafundi wamefungiwa ukutani, lakini kuna joto. Nitakuokea mkate wa iliki kila Jumamosi. Nitakuachia kiti cha dirishani.

Nijibu kuhusu jiko. Usinizungushe.

Helmi


Barabara ya Misonobari
19 Januari 1961

Helmi,

Umeniuliza jiko. Jiko lipo.

Kuhusu Bi Nygaard nimesikitika, ila mimi siachi dirisha wazi, na paka wangu anajua kutumia mlango. Usinilinganishe na watu wa ghorofani.

Nalala sana. Nalala vizuri kuliko miaka mingi. Jana nimeamka nikadhani ni asubuhi, nikachemsha kahawa, kumbe jua linazama. Kikombe kimeniponyoka kikavunjika, kile cha maua ya bluu. Mwandiko usiucheke, kalamu imekuwa nzito, vidole vinakwenda vinapotaka.

Na baridi yenyewe imepungua. Juzi juzi nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Sasa sitetemeki tena. Mwili umezoea. Kwa hiyo mwambie nesi wako. Sijala leo, sina hamu, kuna samaki wa chumvi ila kumwosha ni kazi. Paka mzima.

Mwambie mama yale mablanketi nimeyapata.

Paka mzima.

Aili


Duluth
22 Januari 1961

Bwana Reino,

Ni mimi Helmi, mdogo wake Aili, uliyesoma naye darasa moja, yule uliyemtia chura kwenye mkoba. Nimekusamehe. Sasa nina shida nawe.

Nimepata barua ya dada yangu. Mistari inapanda na kushuka kama imeandikwa ndani ya mkokoteni. Anasema hatetemeki tena. Anasema nimwambie mama kwamba mablanketi ameyapata. Reino, wewe ulibeba jeneza la mama yetu. Unajua amelala kaburini tangu kabla ya vita.

Barabara yenu haina simu, na wewe ndiye nyumba ya karibu. Nakuomba uende ukamwangalie. Angalia kama jiko linawaka, angalia kama anakula, msikilize anavyozungumza. Usimwambie nimekuandikia, maana ataona tumeungana na Arvid kumtoa kwake, hatafungua mlango mpaka Pasaka.

Nijibu haraka. Nakaa dirishani namsubiri mtu wa posta kama msichana aliyechumbiwa.

Helmi


Barabara ya Misonobari
25 Januari 1961

Bi Helmi,

Mimi si mwandishi. Nitasema nilichoona.

Nimekwenda jana mchana. Moshi hakuna. Juu ya dohani kuna theluji imekaa, maana yake moto haujawashwa siku nyingi. Nimegonga mpaka mkono ukauma. Akafungua upenyo wa kupitisha pua. Kavaa koti la Eino, na kofia. Ndani ya nyumba pumzi yake inaonekana kama ng'ombe zizini.

Nikamwambia, "Aili, nikuwashie moto?" Akasema hapana. Nikamwambia, "Basi njoo kwangu, nina supu." Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Väinö, rudi nyumbani, mkeo anakusubiri."

Väinö ni kaka yangu. Mgodi ulimmeza tukiwa vijana, unakumbuka. Nikadhani ananitania, nikakasirika, maana lile si jambo la utani. Nikamwambia mimi Reino. Akasema, "Reino ni mpelelezi wa Arvid." Ulimi wake ulikuwa mzito, kama mtu aliyekunywa, ila harufu ya pombe sikuisikia. Kisha akafunga.

Nilimwachia kuni kwenye ngazi. Leo asubuhi nimepita, ziko vilevile, zimefunikwa theluji.

Nimefukuzwa mlango ule mara mbili mwezi huu. Nina heshima yangu na mimi. Mwandikie Arvid, ni mwanawe.

Reino Kangas


Duluth
28 Januari 1961

Reino,

Nilipofika pale ulipoandika ulimi mzito nimeshuka ngazi na nyonga yangu hii mpaka kwa Karin, bila viatu. Nimemsomea barua yako. Amesimama kabla sijamaliza. Amesema huo si ulevi na si uzee. Ni baridi imeingia mpaka ndani. Amesema mtu akiacha kutetemeka, akianza kuchanganya majina, amebakiwa na muda mdogo. Amesema hata ukimuuliza ataapa kwamba yuko sawa.

Nenda, Reino. Achana na heshima. Akikutukana, kubali kutukanwa. Akifunga mlango, vunja. Nitaulipia mlango, nitakuoka mikate mpaka nife, nitakuomba radhi mbele ya kanisa zima, chochote, lakini nenda.

Nimepiga simu dukani kwa akina Salmi huko kwenu mpaka yule binti wa mitambo ya simu amezoea sauti yangu, ananiambia, "Bado, mama, nyaya zimeanguka." Nimepiga kwa polisi wa wilaya, wanasema barabara imefungwa, watajaribu. Mabasi hayatoki. Reli bado inapita, ndiyo maana naandika. Pengine karatasi itafika ambako sauti haifiki.

Nimemfungia mlango mtu wangu wa pekee kwa kukaa huku kwenye joto nikimwandikia maneno. Nenda.

Helmi


Hospitali, Hancock
30 Januari 1961

Bi Helmi,

Yu hai. Naanza na hilo.

Barua yako nimeipata leo, na nashukuru kwamba haikuwa hiyo iliyonipeleka, maana ingechelewa. Nitakueleza kwa utaratibu, nikishindwa utanisamehe.

Ijumaa, dhoruba ikiwa kali, taa zangu zilizimika. Nikasema basi, mti umeangukia waya. Nikakaa na kahawa yangu karibu na jiko. Ndipo nikakumbuka ile hita ya Aili. Kama kwangu hakuna umeme, na kwake hakuna. Nilivaa viatu vya theluji nikiwa bado natafuna.

Mlango umefungwa kwa ndani. Nikazunguka, nikavunja dirisha la stoo. Nikamkuta jikoni, amekaa sakafuni, mgongo kwenye jiko lililozimika. Bi Helmi, alikuwa amevua. Koti pembeni, soksi pembeni, sweta amelikunja vizuri kama anaenda kulala. Miguu imekuwa ya rangi ya nta. Akanitazama akatabasamu. Akasema, "Karibu. Nyumba ina joto leo."

Nimefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, nimeona watu wakitolewa vipande. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa tabasamu lile.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwasha jiko. Moto ukashika, nikafurahi, kisha moshi ukaanza kutokea ukutani, si kwenye bomba, ukutani, kwenye mbao za juu, na nikasikia kitu kinalia ndani kama mtu anavunja vijiti. Nikazoa moto wote kwa beleshi nikautupa nje kwenye theluji. Dohani ya nyumba ile imepasuka. Ndipo nikaelewa. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa kuunguza nyumba.

Nikawaza kumbeba mpaka chumba changu cha mvuke. Nilikwishamfunga kwenye ngozi ya kondoo, nikatazama nje, sikuona hata uzio. Nikasema hatutafika. Basi nilimlaza kwenye lile godoro, nikarundika kila kilicho cha sufu ndani ya nyumba, nikamlaza mbwa wangu upande mmoja na mimi upande wa pili, kifua changu mgongoni kwake. Usimwambie mchungaji. Nikawa namsemesha asilale. Nimemweleza maisha yangu yote, yaliisha haraka. Mwishowe akaanza kutetemeka, akatetemeka mpaka mbwa akabweka, na mimi nikalia kwa furaha.

Upepo ulipotulia kidogo nilimfunga kwenye sleji, nikamvuta mpaka barabara kuu. Gari la kusukuma theluji likatukuta.

Daktari akaniuliza nilimfanyia nini. Nikamwambia yote, na la chumba cha mvuke pia. Akasema, "Shukuru kwamba hukuweza. Joto kali la ghafla lingemsimamisha moyo." Nikatafuta benchi la ukumbini nikaketi.

Vidole vya mkono wa kulia haviko vizuri. Hawajasema zaidi.

Paka yuko kwangu. Hampendi mbwa.

Reino Kangas


Duluth
5 Februari 1961

Dada yangu,

Reino ameniambia uko macho na unawagombeza manesi kuhusu kahawa. Nimesoma mstari huo kwa sauti, peke yangu chumbani, mara mbili.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika. Dohani imepasuka, na wewe unaniandikia habari za macho kukereka. Ulikuwa unakufa unaniandikia habari za paka. Mimi ningemwambia nani, Aili? Tumebaki wawili kati ya watoto tisa. Ungekwenda, nani angekumbuka pamoja nami ile nyumba ya baba, na jinsi tulivyolala watatu kitanda kimoja tukigombania katikati? Ulinificha kana kwamba mimi ni mgeni.

Na nina la kukueleza kabla hujalisikia kwingine. Arvid amenipigia simu kutoka hapo hospitalini. Aliniuliza kama nakubali nyumba iuzwe na wewe upelekwe kule kwenye matofali na maua. Alikuwa analia. Nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa bado naiona miguu yako ya rangi ya nta.

Sasa nimelisema. Nigombeze unavyotaka, lakini nijibu: kwa nini?

Helmi


Hospitali, Hancock
13 Februari 1961

Helmi,

Anaandika Reino, maana mkono wangu umeviringishwa vitambaa kama mtoto mchanga. Vidole viwili daktari ameviondoa, kidogo na jirani yake. (Cha pete. Pete ipo, nimeitunza. R.) Nimemwambia asiingilie maneno yangu.

Umeuliza kwa nini. Nitakwambia, na mtu huyu atasikia, basi na asikie.

Ilikuwa Novemba, asubuhi. Niliwasha jiko kama kawaida, nikaenda kulisha kuku wale waliokuwa wamebaki. Niliporudi nikasikia ngurumo, kama treni inapita ndani ya ukuta. Bomba limekuwa jekundu. Masizi ya dohani yameshika moto. Nilifunga tundu za hewa, nikamwaga chumvi yote niliyokuwa nayo ndani ya jiko, nikatoka uani na paka kifuani, bila koti, nikatazama juu. Cheche zinaruka mpaka kwenye miti. Nikasubiri nyumba ya Eino iondoke mbele yangu.

Haikuondoka. Moto ulijizima. Nikaingia ndani nikafuta weusi ukutani mpaka mikono ikachubuka, ili mtu asione. Mtu yeyote. Hata wewe. Maana ningekuambia, ungemwambia Arvid, kwa wema wako, kama ulivyomkubalia sasa. Na Arvid angekuja na picha zake.

Tangu siku hiyo kila nikishika kiberiti mkono unakataa. Nilijaribu. Najua hamtaamini. Nilikuwa napanga vijiti vizuri, nawasha njiti, naitazama mpaka inaniunguza, nazima. Kila siku nasema kesho. (Alipita mlangoni kwangu akienda posta siku zote hizo, hakusema kitu. R.) Nimesema asiingilie.

Siku umeme ulipokatika niliona ule waya wa hita ukigeuka kutoka mwekundu kuwa mweusi. Nikasema kwa sauti, "Sasa naenda kwa Reino." Nakumbuka nilisema. Kisha nikaona nipumzike kidogo kwanza. Na hapo joto likaja. Helmi, sijui nikuelezeje. Lilianzia tumboni likaenea. Sijawahi kuona raha ile tangu usiku wa harusi yangu. (Amesema hivyo yeye, mimi naandika tu. R.) Nikaona nguo zinanibana. Nikamsikia mama anaimba huko chumbani. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nilimhurumia Reino kwa kuja na theluji yote ile kwenye ndevu.

Sasa ndiyo naogopa. Maumivu nayajua, nikiumwa nakaa macho. Njaa naijua. Lakini mwili huu niliokaa nao miaka yote umenidanganya kwa sauti nzuri, na mimi nikauamini. Usiku nauwaza. Nitaujuaje mara nyingine?

Kuhusu Arvid: uliogopa, nimeelewa. Sijakusamehe bado. Mwambie mama yake hajafa, na nyumba ni ya mama yake. (Ameniagiza nipige mstari chini ya hayo. Nimepiga. R.)

Aili

Bi Helmi, haya nayaongeza mimi, amelala. Tangu jana anakohoa, na homa imepanda. Daktari ameweka sikio kifuani kwake muda mrefu. Aili amenikataza nisikuandikie. Ninakuandikia. R.


Duluth
16 Februari 1961

Reino,

Mabasi yameanza tena. Napanda la kesho asubuhi. Karin amenifunga nyonga kwa kitambaa kipana na kunipa dawa, anasema mimi ni mwendawazimu, nikamwambia tuko wawili, wa pili ndiye mgonjwa.

Usimwambie nakuja. Atakataa, na atapoteza pumzi ya kukohoa kwa kunikataa.

Kama kuna jambo litatokea nikiwa njiani, mshike mkono ule mzima umwambie nipo njiani. Mwambie hata kama hasikii.

Helmi


Nyumbani kwa Reino Kangas, Barabara ya Misonobari
10 Machi 1961

Helmi, mdogo wangu,

Hii nimeandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Mistari mitatu inanichukua muda wa kuchemsha viazi, kwa hiyo usidharau.

Kifua kimepona. Daktari aliniruhusu wiki iliyopita kwa sharti nisirudi kwenye nyumba ile mpaka ijengwe dohani mpya, na Reino akasema ana chumba. Kanisani wanawake wameanza kunitazama pembeni. Nimewaambia wasijisumbue, mwanamume mwenyewe anakoroma kuliko mashine za mgodi, na mbwa wake ndiye mwenye kitanda.

Arvid alipanda juu ya paa Jumamosi na taa. Alikaa huko muda. Alishuka uso mweusi wote, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mama, ningekuja nikukute majivu." Nikasema, "Ama barafu." Akaniuliza kwa nini nilimwogopa. Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa kukaa kwenye kiti na watu waliokaa. Alilia, na mimi nikalia, na Reino akaenda kukagua kuni ambazo hazikuhitaji kukaguliwa. Nyumba haiuzwi. Wataijenga dohani upya matope yakikauka, yeye na wenzake wawili kutoka Detroit.

Sasa lako. Ulipokuwa nami hospitalini, ukinilisha uji kwa kijiko kama mkwe, uliniuliza jambo moja kila siku, na kila siku niligeukia ukutani. Hata asubuhi ulipoondoka, ulisimama mlangoni na mkoba ukasubiri, nami nikajifanya nimelala. Nilikuona ukijifuta macho. Nilikuona, Helmi.

Jibu langu ndilo hili. Nitakuja. Nitakuwa kwako tangu theluji ya kwanza mpaka barabara zikauke, kila mwaka nitakaojaliwa. Kiangazi mimi ni wa hapa, na wewe utakuja ukae nami, tuokote matunda na kuwasema majirani. Sikubali kwa kuwa umenishinda. Nimekubali kwa sababu nimeogopa, na nimechoka kuogopa peke yangu.

Reino atanifikisha kituo cha basi Alhamisi, maana huku bado kunaganda. Anajifanya amefurahi kuondokewa na kelele. Jana nimemkuta anapiga rangi kile chumba ninacholala. Nikamuuliza kwa nini, akasema rangi ilikuwa inaharibika bure kwenye kopo.

Nina ombi moja, na unajua mimi si mtu wa maombi. Tukiwa huko, ukiniona nimenyamaza, au natabasamu bila sababu, au nimevua shali na kusema niko sawa, usiniulize kama naona baridi. Nitakujibu vizuri sana. Nitakuapia. Usinisikilize.

Njoo tu unishike mikono.

Aili